Maswali yenu: Jua linalochoma bila joto

Mwanangu wa kike ana miaka 9, ana ualbino. Simu yangu inaandika UV 12 hata siku ambayo wingu limetanda na upepo wa ziwa unatuvalisha masweta. Niiamini? Tena nampaka mafuta ya jua SPF 30 kila asubuhi, lakini akirudi shule masikio na shingo ni vyekundu. (Mama, Mwanza)

Iamini, mama. Namba hiyo haipimi joto. Inapima nguvu ya mionzi ya urujuanimno, yaani UV, ile inayounguza ngozi bila mtu kuihisi. Upepo wa ziwa hupoza mwili, lakini haupunguzi UV hata chembe. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa. Linalokinga kweli ni lile zito, jeusi, la mvua. Na mwinuko huongeza: kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, UV hupanda kama asilimia 10, ndiyo maana kwenye miinuko ya baridi kama Njombe watu huungua huku wakitetemeka.

Kipimo husomwa hivi: 0 hadi 2 ni hafifu, 3 hadi 5 wastani, 6 na 7 kali, 8 hadi 10 kali sana, 11 kwenda juu ni kali kupita kiasi. Kwenye 12, ngozi isiyo na melanini, yaani rangi ya asili inayoikinga, huanza kuungua kwa dakika 10 hivi. Foleni ya chakula cha mchana inatosha. Ila angalia: simu nyingi huonyesha kilele cha siku nzima, si saa uliyopo. Mtoto afundishwe kutazama kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, atafute pa kujisitiri.

Hapo Mwanza kuna mtego wa saa. Jua halifiki utosini saa sita kamili, bali kwenye saa saba kasoro robo hivi. Kwa hiyo jua la saa tisa na nusu alasiri, wakati ambao wengi wameshavua kofia wakidhani limepoa, lina ukali sawa na la saa nne asubuhi.

Sasa mafuta. Yaliyopakwa saa moja asubuhi, saa sita yamekwenda na jasho na ukosi wa shati. Hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kiasi nacho ni tatizo: SPF 30 iliyoandikwa kwenye chupa, yaani kiwango cha kinga dhidi ya jua, hupatikana tu yakipakwa mengi. Kwa mtu mzima ni kijiko cha chai kimoja kwa uso, masikio na shingo, na kimoja kwa kila mkono; mtoto wa miaka 9 apungukiwe kidogo tu. Piga hesabu: vijiko vitatu ni mililita 15, mara mbili kwa siku ni 30, na chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya nne. Familia nyingi haziwezi, kwa hiyo hupaka kidogo, na kidogo hakikingi.

Ndiyo maana tunasisitiza nguo kwanza, mafuta baadaye. Shati la mikono mirefu na sketi ndefu au suruali. Kiinue kitambaa kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili, UV nayo inapita. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 pande zote. Kepi huacha masikio na kisogo wazi, na tunahisi ndiyo chanzo cha wekundu huo. Mafuta yabaki kwa uso, masikio, shingo na viganja upande wa nje, dakika 20 kabla ya kutoka. Yasiachwe ndani ya gari wala dirishani, joto huyaharibu. Ulizia kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, mafuta yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Na kila mwezi mkague. Baka gumu lenye magamba, au kidonda kisichopona kwa wiki nne, hasa mdomoni na sikioni, kionwe na daktari wa ngozi. Usikisubiri.

Mimi ni mweusi tii, naendesha boda. Tangu nianze doksisaiklini mikono inawaka juani. Jua linanihusu? (Nairobi)

Linakuhusu, kaka. Melanini yako ni kinga nzuri, lakini doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, huifanya ngozi iungue upesi, na si peke yake. Zimo pia Septrin na baadhi ya dawa za presha. Usiache dozi. Vaa mikono mirefu na glavu, na umwambie aliyekuandikia dawa. Macho hayana melanini ya kutosha kwa mtu yeyote: tafuta miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi ya UV. Miwani nyeusi isiyo na kinga ni mbaya zaidi, maana giza hupanua mboni na UV huingia kwa wingi. Na wanaotumia mkorogo wajue wanajivua kinga hiyohiyo.

Naendesha lori, mkono wa kulia umekuwa mweusi kuliko wa kushoto, na kioo nafunga. (Dodoma)

Kioo cha pembeni huzuia UV inayounguza, lakini ile inayopenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi hupita. Vaa shati la mikono mirefu, kioo kikiwa juu au chini.