Fleti Upanga au kiwanja Chanika?

Ndugu, unauliza ununue fleti Upanga, karibu na katikati ya Dar es Salaam, au kiwanja Chanika, pembezoni mwa jiji. Kama kazi yako iko Posta, katikati ya jiji, na watoto wanasoma mjini, mimi ningechukua Upanga, hata kama ni vyumba viwili tu. Nimekaa pale miaka sita, ghorofa ya nne. Hospitali ya Muhimbili unakwenda kwa miguu, Kariakoo bajaji dakika chache. Ila usiangalie fleti saa nne asubuhi ukaridhika. Rudi saa mbili usiku: fungua bomba la jikoni, uone kama maji yanapanda bila pampu, kisha tafuta pa kuegesha gari. Mimi sikufanya hivyo, nikabeba ndoo ngazi zote nne mwezi mzima pampu ilipoungua na majirani wakagoma kuchanga.

Kwenye karatasi, dai hati ya sehemu ya jengo, yaani hati ya fleti yenyewe, ile ya sheria ya 2008, si barua ya mauziano tu. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone miaka iliyobaki kwenye hati na kama benki imeishikilia kwa mkopo. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake naye asaini. Kodi ya jengo isikutishe, inakatwa unaponunua umeme wa LUKU.