Chenga kwenye TV mpya: kabla hujapandisha antena, angalia waya wa njano

Dada uliyeuliza kutoka Maweni, nimesoma habari yako mara mbili. TV ni mpya, inchi 50, ya 4K. Filamu ya kwenye flashi inatoka safi, lakini chaneli za nyumbani zina chenga, hasa kwenye nyuso za watu na penye giza. Fundi amekwambia ununue antena kubwa na bomba la futi 20. Tafadhali usitoe hela hizo bado. Mimi nilizitoa, na chenga zikabaki pale pale.

Wengi wetu tumezoea mambo ya analojia. Wakati ule mawimbi yakiwa dhaifu kioo kilijaa chenga, mtu akapanda juu kuzungusha antena huku mwenzake anapiga kelele dirishani, "Hapo hapo, usiguse!" Kenya ilizima analojia mwaka 2015, na dijitali haina tabia hiyo. Mawimbi yakifika ya kutosha, unapata picha yote kama ilivyotumwa. Yakipungua mno, picha inavunjika vijiraba, inaganda, sauti inakatikakatika, halafu kioo kinakuwa cheusi. Chenga laini usoni mwa msomaji wa taarifa, huku picha inakwenda bila kukwama, hazitoki kwenye antena. Ama zilikuwemo tangu kwenye stesheni, ama zimeingia kati ya king'amuzi na TV, ama TV yenyewe inazikuza.

Kwangu ilikuwa waya. Nilinunua TV ya inchi 43, king'amuzi nikakiacha kile cha zamani na nyaya zake tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Fundi alipandisha antena mara mbili. Jioni moja nikasogea mpaka karibu na kioo, kama shibiri mbili hivi, nikawa nayatazama maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Pembeni mwa kila herufi kulikuwa na vitone vinavyotambaa, kama sisimizi waliozunguka sukari, na palipokuwa na nyekundu rangi ilikuwa imemwagika nje ya mstari. Nikachomoa zile tatu, nikachomeka HDMI, ule waya mmoja unaopitisha picha na sauti kwa dijitali. Vitone vikatoweka papo hapo. Antena sikuigusa.

Sababu ni kwamba waya wa njano unabeba mwangaza na rangi pamoja, kwa analojia, na TV ikijaribu kuvitenganisha haviachani vizuri. Tena waya mwembamba usiokingwa sawasawa unaokota mivumo ya umeme ya chaja na vifaa vingine vilivyo jirani. HDMI haiokoti chenga za namna hiyo. Ikiwa mbovu inatoa vimulimuli vyeupe au picha inapotea kabisa, kwa hiyo usikubali kuuzwa HDMI ya bei ya juu eti isafishe picha. Ukishaichomeka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi utazame kinatoa picha ya mistari mingapi. Changu kilikuwa kimebaki kwenye 576 nikakiweka 1080. Na kama TV yako ina DVB-T2 ndani yake, yaani kipokezi chake chenyewe cha dijitali, chomeka antena moja kwa moja kwenye TV ujaribu zile chaneli za bure.

Hata ukishafanya hayo, baadhi ya chaneli zitabaki na ukungu, na ni vyema ujue kwa nini usije ukaisingizia TV. Picha ya kawaida ya zamani ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, mara tano kamili. Kioo chako cha 4K kina mara 20 ya ile ya kawaida. Chaneli ikitumwa kwa ule ubora wa kawaida, katika kila nukta 20 unazoziona, TV imeletewa moja na 19 imezikisia. Chochote kilichokuwa kichafu kwenye ile moja kinakuzwa pamoja nayo. Juu ya hapo, chaneli kadhaa hubanwa kwenye masafa mamoja, na mtambo wa kubana hutupa vile ambavyo jicho halitatambua upesi kuwa vimeondolewa. Tazama mpira: kamera ikikimbia, nyasi zinakuwa uji wa kijani, mpira ukisimama nyasi zinarudi moja moja. Hilo hakuna antena itakayoliponya.

Sasa kitu ambacho ni cha TV, na ni bure kukirekebisha. TV nyingi hutoka dukani na rangi kali na ukali wa picha umepandishwa juu. Ukali huo hauongezi chochote kwenye picha, unachora kingo kuzunguka kila kitu, na chenga ni kitu kimojawapo. Mimi yangu nimeushusha hadi 10 kati ya 100, na nimetoka kwenye rangi za dukani nikaenda kwenye hali ya filamu. Hapo nusu ya chenga ziliondoka.

Kuna na kile kipengele cha kupunguza chenga. Kitumie kidogo tu. Nilikuwa na video ya harusi ya binamu yangu, imepigwa uani usiku kwa taa mbili, na kamera penye mwanga mdogo hulazimika kukuza kile kidogo inachopata, pamoja na uchafu wake. Nikapandisha kipengele hicho hadi mwisho. Chenga zikaisha kweli, lakini mikono ya bibi harusi ikawa mitupu: maua yote ya hina yamefutika, na uso wake umekuwa kama nta. Nikakirudisha chini haraka. Afadhali chenga na hina yake. Filamu za zamani nazo ziacheni kama zilivyo, maana zile punje ni za ukanda wenyewe, ni chembe za madini ya fedha zilizoshika picha.

Antena ina makosa yake pia, hasa sisi tuliokaa karibu na bahari. Kwetu Shella, msimu wa kusi, chumvi inaingia kila mahali. Picha ilipoanza kuganda nilifungua kiungio cha waya kule juu: ndani mna unga wa kijani, na ule wavu wa shaba umekuwa mweusi, ukiushika unakatika. Nilikata kama futi moja ya waya, nikaweka kiungio kipya, nikakifunga kwa tepu ya mpira. Ukitaka kupima, fungua ukurasa wa mawimbi kwenye mipangilio ya king'amuzi utazame mstari wa ubora, si wa nguvu peke yake. Nguvu unaweza kuipandisha kwa busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, ila busta inakuza na mivumo isiyotakiwa vilevile.

Kwa hiyo leo jioni geuza TV utazame nyuma, kisha uniandikie ni waya wa rangi gani umeukuta, na kama picha huwa inaganda au hapana.