Mpango wa viazi ukivurugika: kukubali nako kuna tarehe yake

Mkuu mleta uzi, pole sana. Kwa wanaopita hapa: ana ekari 2 za viazi mviringo Umalila, Mbeya. Alipanga kila kitu kwenye daftari, akapanda ekari ya kwanza Novemba 20 baada ya mvua za mwanzo, kisha jua likawaka wiki mbili na zaidi. Ekari hiyo imeota kwa mapengo, mbegu ya ekari ya pili bado imefungwa kwenye magunia, na ada ya mtoto ilikuwa inasubiri mavuno ya Machi. Anauliza alikosea wapi, kama afumue apande upya, na kama ekari ya pili aisogeze hadi Machi.

Hukukosea. Utabiri wa msimu ukisema mvua za "wastani hadi juu ya wastani", kiasi hicho ni cha msimu mzima, Novemba mpaka Aprili. Jua la siku 15 linaweza kuingia humo na jumla ikafika vilevile. Kinachomaliza wakulima wa viazi ni zile wiki mbili tatu baada ya jambo kutokea, mtu akiendelea kutimiza daftari kana kwamba shamba ni lilelile la mwezi uliopita. Kukubali kunakosemwa msibani ni kwa moyo. Huku shambani kunahesabika kwa siku, na ukichelewa unalipa.

Anza na ekari iliyoota. Chukua kamba ya mita 10, pima kwenye mistari 5 sehemu tofauti, uhesabu mashina. Kama ulipanda sentimita 30 kutoka shina hadi shina, mita 10 zinatakiwa kuwa na mashina kama 33. Ukipata 25 kwenda juu, achana na mawazo ya kupanda upya. Majirani wa pengo watatanua na kuziba sehemu kubwa. Halafu fukua mapengo kama 20. Kiazi kigumu chenye chipukizi hai kifukie taratibu, bado kinakuja. Kilicholainika na kunuka kimekwenda, na mara nyingi utakuta ni mbegu iliyokatwa, maana jeraha lake halikauki vizuri kwenye udongo wenye joto.

Ukipata chini ya 17, yaani nusu, usizibie kwa viazi kama wiki tatu zimeshapita. Mstari mmoja ukiwa na mashina ya umri mbili, wakati wa kupandishia udongo utafukia wadogo au utawachelewesha wakubwa, na ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ukianza kwa wakubwa unahamia kwa wadogo kabla hawajaweka kiazi. Weka maharage kwenye mapengo, Njano Uyole au Uyole 96, karibu miezi mitatu unavuna. Na hapa ndipo wengi wanapoumia: mbolea ya kukuzia iliyobaki usiimwage yote kwa sababu tu ilishanunuliwa. Shamba la nusu lipe nusu, tena udongo ukiwa na unyevu. Mfuko ambao haujafunguliwa ukiwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, utautumia msimu ujao.

Mbegu ya ekari ya pili itoe kwenye magunia leo. Gizani inatoa machipukizi marefu meupe yanayokatika ukiyagusa tu, na kila ukiyavunja mbegu inazidi kuchoka. Itandaze kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, tabaka mbili au tatu tu, hewa ipite. Kwenye mwanga machipukizi yanayotoka yanakuwa mafupi, magumu, ya kijani au zambarau; sentimita 1 hadi 2 ndiyo yanayotakiwa. Ekari moja kwa sentimita 75 kwa 30 inameza mbegu kama 18,000. Zikiwa za ukubwa wa yai, gramu 50 hivi, ni karibu kilo 900. Zilizooza zikikupunguzia hadi kilo 600, panda theluthi mbili ya ekari. Kutawanya mbegu chache ili ekari "itimie" ni kupalilia na kupigia dawa ardhi tupu.

Ujue pia kwamba ukichelewa kupanda, viazi vyako vitakuwa vinajaza katikati ya mvua kubwa na ukungu wa asubuhi. Anza kupiga mankozebu, dawa ya kukinga ugonjwa wa ukungu, kabla hujaona doa, kila siku 7, kwa kipimo cha kwenye lebo. Dawa ya kupenya yenye metalaksili isizidi mara mbili au tatu kwa msimu, la sivyo ugonjwa unaizoea. Mashina yakishakuwa meusi zaidi ya nusu ya shamba na viazi vina siku 75 au 80, acha kununua dawa. Kata majani yote, yatoe shambani, subiri wiki mbili ngozi ikomae, vuna. Ukiendelea kupiga dawa huku mvua inanyesha, ugonjwa unashuka na maji hadi kwenye viazi na vinaozea ghalani.

Ipo hali moja isiyo na mjadala. Shina likinyauka mchana huku majani bado mabichi, kata kipande cha chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na anayekuuzia dawa yake anakula hela yako. Ng'oa shina pamoja na viazi na udongo wake, vitoe shambani, na hapo usirudishe viazi, nyanya, pilipili wala bilinganya kwa misimu mitatu au zaidi. Panda mahindi au ngano. Inauma kwa mtu aliyesafisha shamba kwa jembe lake, lakini kila wiki ya kusita inapeleka ugonjwa mstari wa chini yako kwa maji ya mvua.

Ada isisubiri tena kiazi. Nenda shuleni kabla ya tarehe, omba kulipa kwa awamu, na utaje tarehe ya maharage.

Wazo lako la kusogeza ekari ya pili hadi Machi linawezekana kwenye mteremko. Bondeni usithubutu: ukipanda Machi 10, siku 110 zinakufikisha mwisho wa Juni, na hewa baridi inashuka kukaa chini, sakitu (umande ulioganda) inaunguza majani usiku mmoja. Kesho asubuhi hesabu ile mistari mitano, ulete namba hapa, na utuambie ekari ya pili iko mteremkoni au bondeni.