Ile "to" si "ku-" yenu

Wadogo zetu mliokuja Kampala na Kiswahili safi, sasa mnaandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza: kila msimu ni mstari uleule wa mwisho, "I look forward to hear from you". Jamani.

1. Tuanze na huo. "Ku-" yetu ina kazi mbili: "nataka kusikia" na "baada ya kusikia". Kiingereza kimezigawa: "want to hear", lakini "after hearing". Mkiona "to" mnadhani ni "ku-", na jirani Mganda hawaokoi, maana naye ana "oku-" yake. Kumbe kwenye "look forward to" hiyo ni kihusishi, ndugu wa "after" na "without", na kitenzi kikifuata kihusishi huvaa "-ing".

Kipimo: toa kitenzi, weka "it". "I look forward to it" inasimama, basi andika "hearing". "I want to it" inaanguka, basi "hear". Pimeni hivyo "object to" na "committed to".

Mtego mkubwa ni "used to". "I used to cook for 200 people" maana yake zamani nilikuwa nawapikia. Anayeomba kazi ya jikoni ameshamwambia bosi kwamba aliacha. Aliyezoea huandika "I am used to cooking". Akichanganya zote mbili, "I am used to cook", inasomeka kama yeye ndiye sufuria.

2. "Did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinabaki kitupu: "did not go". Kwani "hakuenda" huwa mnaipachika "li"?

3. "Discuss about" imeletwa na "-ia" ya kuzungumzia. Futeni "about". Vilevile "I request leave", ila "a request for leave".

4. "On Monday", "in 2025", "at eight". Na mkiitwa intavyu "at two", hiyo ni saa nane mchana. Anayefika saa mbili asubuhi atakalia benchi saa sita nzima, na njaa juu.

5. "-ni" na "kwenye" zinameza "in", "on" na "at" zote, ndiyo maana usafiri unawashinda. Chombo unachoweza kutembea wima ndani yake ni "on": "on the bus". Unachoingia umejikunja ni "in", kwa hiyo taksi zetu za watu 14, "in the taxi". Boda unaipanda kama farasi: "on".