Mchezo wa nyimbo, waigizaji wasiotabirika

SWALI: Nafundisha sekondari mjini Mbale. Waliojiandikisha kwa mchezo wa nyimbo ni 40, lakini karo ikichelewa wengine hurudishwa nyumbani. Nichague mchezo gani, mhariri?

JIBU: Mwalimu, tafuta wenye wahusika wakuu 6 hivi na kundi la waimbaji lisilo na idadi maalumu: wachuuzi, abiria wa teksi. Chora jedwali la wahusika na maonyesho, yaani sehemu za mchezo. Wasiokutana jukwaani huchezwa na mtu mmoja, mradi katikati pana wimbo mzima wa kubadilishia nguo. Hapo ndipo wengi hukwama. Epuka nyimbo za sauti nne, kwani waimbaji wawili wa besi, sauti nzito ya chini, wakikosekana, wimbo huyumba. Kila mhusika mkuu awe na mbadala kundini, anayefanya mazoezi tangu wiki ya kwanza.