Wasomaji Wauliza: Picha za wodi zilizohamwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma Pisa, Italia. Mwaka jana nilipata ruhusa ya kuingia na kamera katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofungwa zamani. Nilipiga picha za vitanda vilivyoshikwa na kutu, rangi iliyobanduka ukutani kama magamba ya samaki, na kiti cha magurudumu ambacho, nakiri, nilikisogeza mwenyewe hadi dirishani ili kipate mwanga. Nilipozitundika mtandaoni, jamaa wa nyumbani waliandika kwamba humo mna majini, wengine wakatania "karibu Mirembe", na wapenzi wa picha wakasifu ule mwanga. Kisha mama mmoja wa Kiitaliano akaandika sentensi moja tu: baba yake alilazwa humo. Je, nizifute? – Mwanafunzi, Pisa

JIBU: Ndugu msomaji, ile ya kiti iondoe. Kiti kitupu dirishani kimekuwa kama machweo ya Forodhani, kila mpiga picha anacho. Na hicho chako hakikuachwa hapo na mgonjwa wala muuguzi, ila kimewekwa na wewe ili mtazamaji asisimke. Nyingine zibaki, lakini zisiende bila maelezo, kwa maana picha isiyosema wodi zilihamwa kwa nini huwaachia majini nafasi ya kujibu.

Huko Italia jibu linajulikana. Tarehe 13 Mei 1978 ilipitishwa Sheria namba 180, iliyoagiza hospitali hizo zifungwe hatua kwa hatua na wagonjwa watibiwe karibu na makwao, baada ya miaka mingi ya juhudi za daktari Franco Basaglia na wenzake. Kamera nayo ilichangia: mwaka 1969 Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin walichapisha, pamoja na Basaglia, kitabu cha picha walizopiga ndani ya hospitali hizo zikiwa zimejaa watu, na Waitaliano wengi wakaona kwa mara ya kwanza yaliyokuwa nyuma ya kuta zile. Picha zako zina kuta hizohizo, ila watu hawamo, na hapo ndipo yule mama alipochomwa.

Ukipata nafasi, nenda Volterra, si mbali na ulipo. Mgonjwa aliyeitwa Oreste Fernando Nannetti alichonga maandishi na michoro kwenye ukuta wa nje wa hospitali ya huko, urefu wa mita 180 hivi, kwa kutumia bizimu ya kizibao cha sare yake. Inasimuliwa kwamba wenzake walipokuwa wameketi kwenye benchi bila kujisogeza, alichonga akivizunguka vichwa vyao. Ukuta wa namna hiyo hauhitaji kuongezewa kiti.

Chunguza pia kama katika picha zako limo jalada, bahasha au kibao chenye jina, kisha kiondoe. Hospitali ya Willard, New York, ilipofungwa mwaka 1995, yalikutwa darini masanduku kama 400 ya wagonjwa. Jon Crispin aliyapiga picha moja moja, nguo, barua na miswaki, lakini majina ya ukoo aliyaficha, kwa kuwa siri ya mgonjwa haiishi jengo linapofungwa.

Ama hao watani wa "karibu Mirembe", waambie kwa upole kwamba Mirembe ya Dodoma inatibu watu hadi leo, na huenda mmoja wa wanaosoma utani huo ana ndugu aliyelazwa huko wiki hii.

Mama yule usimjibu hadharani. Mwandikie faraghani, kwa Kiitaliano hichohicho unachojifunza. Mpe pole, muulize baba yake alilazwa jengo lipi, na akipenda, mtumie yeye kwanza picha za upande huo.