Geuza jani kwanza: inzi weupe kwenye maua ya vyungu

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kitalu hapa Mtwara, siku si nyingi atakuja mteja na mrehani au hibiskasi yake kwenye ndoo. Majani yamekuwa ya njano, juu yana weusi, na ukiyashika yananata. Atakuomba dawa ya ukungu. Kabla hujamjibu, geuza jani.

Chini yake ndiko waliko inzi weupe. Wakubwa wana urefu wa milimita 1 hadi 2, na mabawa yao yana unga mweupe. Ukitikisa shina wanaruka wote kwa pamoja, halafu wanarudi palepale. Ni ndugu wa vidukari: wanafyonza utomvu wa jani na kutoa majimaji matamu, na ule weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Ukimaliza wadudu, nao unakosa chakula. Sisimizi wakipanda chungu kwa mstari, kagua majani siku hiyohiyo.

Wanaokudanganya ni hao wanaoruka. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100. Mtoto akitoka kwenye yai hutembea kidogo, hujibana chini ya jani na kubaki hapo hadi awe mkubwa. Anafanana na gamba dogo bapa, manjano hafifu, na macho mengi humpita. Tafuta kioo cha kukuzia, kitakufaa kuliko bomba la kupulizia la bei kubwa. Kwa joto letu, safari ya yai hadi mkubwa ni kama wiki 3, na dawa nyingi haziui mayai. Kwa hiyo ukipuliza mara moja ukaona kumetulia, bado hujatibu kitu.

Tenga chungu mbali na vingine. Kata majani yaliyojaa sana, yafunge kwenye mfuko kabla ya kuyatupa. Kisha rushia maji upande wa chini wa majani. Maua ya barazani huvamiwa sana kwa sababu paa linayanyima mvua ambayo ingewaosha wadudu hao.

Baada ya hapo, sabuni ya maji isiyo na blichi, kijiko 1 au 2 vya chai kwa lita 1 ya maji. Maji ya kisima yenye chumvi huipunguzia nguvu, tumia ya mvua ukiweza. Jaribu jani moja, subiri hadi kesho. Puliza jioni, chini ya majani, hadi yadondoshe, maana sabuni humuua yule tu inayemgusa ikiwa mbichi. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, kwa wiki 3 au 4.

Mwarobaini tumejaliwa, utumie. Twanga viini vya mbegu gramu 50, loweka kwenye lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, puliza siku hiyohiyo. Haui papo hapo. Unawazuia watoto kujivua gamba na kukua, basi mwambie mteja asikate tamaa siku ya pili.

Nakuomba sana usiingize dawa za mikorosho ndani ya nyumba ya mtu. Salfa ni ya ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inzi weupe haiwahusu. Na zile za kuua wadudu wa mikorosho humaliza hata wadudu rafiki wanaowala inzi hawa, huku inzi wenyewe mara nyingi wakiwa wamezizoea. Punguza pia mbolea ya yurea: majani laini yaliyonona huwavuta.

Wakubwa wanapenda rangi ya njano. Kata kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula, kipake grisi, kining'inize usawa wa majani. Hakitawamaliza, ila kinakupa hesabu ya kila wiki. Chungu kisirudi barazani mpaka kipande hicho kikae wiki 2 bila kunasa mpya.